Shangazi Kiberiti na Moto wa Maji

Shangazi yangu hana nyusi. Alikuwa nazo, tena nzuri, mpaka wiki ile mashine ya moto ilipoletwa karakana na yeye akainama kuangalia kama imewaka. Ilikuwa imewaka. Tangu hapo kila asubuhi anazichora kwa wanja, na sisi tunaofanya kazi naye tumejifunza kuzisoma: zikikaa sawa, siku itakuwa njema, mmoja ukipanda kuliko mwenzake, usimwombe hata kalamu.

Mtaani wanamwita Kiberiti. Mimi namwita Shangazi, kwanza kwa sababu ni dada mkubwa wa baba yangu, na pili kwa sababu nikithubutu kumwita Kiberiti mbele yake nitaokota meno yangu chini. Ameolewa mara tatu na kuachika mara tatu. Yeye husema aliwaacha yeye, na nina hakika ukiwauliza hao wanaume watakubali mbio mbio, mradi usiwaambie anaishi wapi siku hizi. Anaishi peke yake, chumba kimoja ng'ambo ya barabara, na akifungua dirisha anaiona karakana yetu. Hufika kazini kabla ya Baba, ambaye ndiye mwenye karakana, ili Baba akifika aambiwe amechelewa.

Sisi ni wachonga maandishi. Vibao vya milango, ngao za washindi, majina ya kubandika kifuani, na mabango ya "Usikojoe Hapa", ambayo ndiyo yanayotulisha hasa, maana watu hawaachi kukojoa. Mimi nipo kwenye mashine ya leza, chumba cha mbele. Baba yupo kaunta, na akichoka na wateja anakwenda kwenye msumeno. Chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa linalopokea jua la alasiri, ni cha Shangazi na moto wake.

Kazi yake ni hii. Akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, ukiikata kwa msumeno kingo zake hutoka na ukungu kama dirisha la bafuni. Shangazi huzisugua kwa msasa laini, halafu hupitisha moto, na ukungu unaondoka palepale. Ukingo unabaki unang'aa mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Moto wenyewe unatoka kwenye kisanduku cha ukubwa wa redio ya zamani. Unakitilia maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, umeme unayagawa maji kuwa gesi, gesi inapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye mkono wenye ncha kama sindano, na ukiiwasha hiyo ncha unatoka ulimi wa moto usiozidi kidole. Tunauita moto wa maji. Wateja wakisikia hudhani tunawatania.

Ubaya wa moto wa maji ni kwamba hauonekani. Penye giza utaona ubluu kidogo, lakini jua likishapiga meza ya Shangazi, unaweza kuikodolea macho ile ncha ukaapa imezimwa, kumbe inawaka na inakungoja wewe. Kinachokuokoa ni sikio, kwa sababu moto ule unavuma, sss, mfululizo, kama tairi linalotoa upepo. Ukisikia mlio, kaa mbali. Usipousikia, bado kaa mbali mpaka aliyewasha akwambie, ndivyo Shangazi alivyotufundisha.

Kuhusu moto hana mzaha hata chembe, na huyu ni mtu anayefanya mzaha msibani. Nywele zifungwe. Nguo ya nailoni isivuke kizingiti, kwa sababu pamba ikiungua unaivua, nailoni ikiungua inahamia kwako. Karatasi ya kinga ibanduliwe yote. Na ole wako ufute kipande kwa spiriti halafu umpelekee hapo hapo. Mimi alishanirudishia kimoja hewani. "Hiki kinanuka spiriti," alisema. "Unataka kipasuke, au unataka niwake mimi?" Kisanduku hakifunguliwi bila glavu, maana yale maji ya ndani yamechanganywa magadi makali ya kula ngozi. Ndoo na taulo bichi vinakaa kushoto kwake, mtungi wa kuzimia moto uko mlangoni, dirisha liko wazi na pazia halipo. Nilipomuuliza habari ya pazia alisema, pazia la nini, nani anataka kuniona. Na mkono wenyewe unavyopitishwa kwenye ukingo, hilo alinifundisha mara moja tu na halijanitoka. "Pita kama unapita mbele ya wakwe. Usisimame, watakuuliza maswali. Usikimbie, watasema huna adabu." Kweli, ukisimama akriliki inatoa malengelenge, na ukikimbia ukungu unabaki palepale.

Siku moja nilimuuliza anakipendea nini hicho kiti, ilhali kimemla nyusi, kinamkaanga wakati wa joto na kinamtesa mgongo. Hakunitukana, na hapo nikajua ni swali zito. "Kipande kinakuja kimekwaruzwa," alisema, "kinaondoka kisafi. Wanaume watatu nilijaribu, hakuna hata mmoja aliyetoka hivyo. Acha nife hapa hapa."

Ndiyo maana suala la masikio halikuwa dogo.

Alianza kutosikia taratibu. Unamwita, hageuki. Unamwambia chai tayari, anakwambia ndiyo, jua kali. Baba, ambaye ana akili zake japo Shangazi hazitambui, alimwita kando akamwambia wazi mbele yangu. "Dada, asiyesikia mlio wa ule moto hakai mbele yake. Siku nikijua husikii, unahamia kaunta na mashine anashika mwingine." Kaunta kwa Shangazi ni jela, tena afadhali jela, huko huambiwi umchekee kila anayeingia. Akajibu kwamba anasikia kuliko sisi sote, kwamba anasikia hata tunayomsema chumbani kwetu, na kwamba wa kupimwa masikio ni Baba, kwa sababu tangu utoto hajawahi kumsikiliza mtu.

Hapo vita ikaanza. Baba akawa ananyata nyuma yake na kumpima. Anaangusha bisibisi, Shangazi anageuka. Anapiga makofi, anageuka. Ananong'ona jina lake la utotoni, ambalo nimekatazwa kulitaja, anageuka na rula mkononi. Baba akakaribia kuamini. Mimi ndiye niliyegundua, nikiwa nimesimama pembeni na kicheko kimenibana: Shangazi alikuwa ameegemeza ukutani mbele yake kipande kikubwa cha akriliki nyeusi, kinang'aa kuliko kioo cha kinyozi, na kila Baba aliponyata nyuma alikuwa anaonekana wazi, tumbo na yote. Sikusema. Haukuwa ugomvi wangu, na kwa kweli nilikuwa upande wa mwenye akili.

Mimi na Shangazi tulikuwa na jambo letu moja la kila jioni. Swichi kubwa ya umeme huifunga mimi, na sipendi kuifunga wakati mashine ya moto bado inafanya kazi. Kwa hiyo kabla ya kuifunga huchungulia mlangoni na kumuuliza, "Umezima?" Yeye huinua kichwa, hunijibu, tena kwa uso mwororo ambao sijamwona akimpa mtu mwingine, na mimi nafunga swichi naenda zangu nyumbani. Nilidhani anafurahi kwa sababu kazi imeisha.

Basi akaja Mwenyekiti. Ni mwenyekiti wa chama fulani cha hapa mtaani, na alikuwa ameagiza ngao ya akriliki nene iliyoandikwa "Kiongozi Bora", ili ajitunuku mwenyewe kwenye mkutano. Maneno aliyatunga nyumbani akayaleta mfukoni. Neno "mnyenyekevu" alitaka liwe kubwa kuliko mengine. Alipofika kuichukua ilikuwa alasiri, Baba yuko uani anakata, na ngao yenyewe iko mikononi mwa Shangazi inamaliziwa. Nikamwomba akae angoje. Akasema mtu kama yeye hangoji kwenye benchi, anataka kuiona hukohuko inakotengenezwa.

Mgeni haingii chumba cha moto mpaka moto uzimwe. Hiyo ni sheria ya Shangazi na mimi naiheshimu. Nikaenda mlangoni. Feni ya kunyonya vumbi inanguruma, msumeno wa Baba unalia uani, jua limejaa mezani. Shangazi ameuegesha ule mkono wa moto kwenye kishikio chake, anaifuta ngao kwa kitambaa laini. Nikauliza kwa sauti, "Umezima?" Akainua kichwa, akatabasamu, akajibu, na mimi nikasikia "nimezima". Nikampisha Mwenyekiti apite.

Alipita kweli. Akaenda moja kwa moja mezani, akainama juu ya ngao ajione uso wake ndani ya neno "mnyenyekevu", na tai yake ndefu, ya nailoni, ikaning'inia mbele ya ncha ambayo sisi sote tuliona haina kitu. Ikashika. Haikuwaka polepole, ilipanda kama mtu aliyechelewa anavyopanda ngazi. Mwenyekiti akatoa sauti ambayo sidhani kama huwa anaitoa mikutanoni.

Hapa lazima nimpe Shangazi haki yake. Mkono wake wa kulia ulifunga gesi, wa kushoto ulishachota taulo bichi, na kabla sijafumba mdomo wangu Mwenyekiti alikuwa amekaa sakafuni, taulo limemfunika toka kifuani mpaka puani, na Shangazi amemkalia mapaja ili asikimbie. Akamvuta hadi bombani akamwekea kidevu chini ya maji, akakiacha hapo mpaka mwenyewe akaomba basi. Tai ilikwisha. Nusu ya sharubu ilikwisha pia. Kidevu kilikuwa chekundu lakini ngozi iko mahali pake, na tulimshukuru Mungu kwa hilo, mimi hasa.

Baba akaingia amejaa vumbi, akatutazama mmoja mmoja, na Mwenyekiti amelowana kwenye kigoda.

"Nani amemruhusu kuingia?"

"Mimi," nikasema. "Lakini nilimuuliza Shangazi kama amezima, akasema amezima."

"Dada, ulisema umezima?"

Shangazi alikuwa anamwangalia midomo. Sikuwahi kumwona anamwangalia mtu hivyo. "Nilisema mzima," akajibu.

"Nani mzima?"

"Mimi. Mtoto kaniuliza, u mzima? Nikamwambia, mzima. Ulitaka nimwambie ninaumwa?"

Mwenyekiti, na kidevu chake kile, akaanza kucheka. Alicheka mpaka nusu ya sharubu iliyobaki ikamcheza. Mimi nikamfuata, sikuweza kujizuia. Baba peke yake hakucheka. Alikwenda akauchomoa waya wa mashine, akauviringisha mkononi, akasema, "Kesho kaunta, dada." Shangazi hakubishana. Hilo lilinitisha kuliko tai. Alichukua kitambaa chake, akakikunja, akakiweka juu ya kisanduku, akavuka barabara kwenda kwake bila kumtukana mtu.

Asubuhi nyusi zilikuwa hazijachorwa kabisa.

Siku zake za kaunta sitaki kuzieleza zote, nina huruma. Mtu anakuja kuuliza bei, anaambiwa choo kiko nyuma. Mwingine anataka kibao cha "Daktari wa Meno", anaulizwa mara mbili mbele ya watu meno gani hayo yanayohitaji mlango. Wote aliwapigia kelele, kama ilivyo kwa asiyesikia, na wote wakampigia kelele yeye, na wapita njia wakawa wanasimama wakidhani kuna ngumi. Mashine ya moto ilikuwa imezimwa chumbani, vipande vyenye ukungu vinarundikana, kwa sababu Baba alisema mwingine ataishika lakini huyo mwingine hakupatikana. Mimi nilikataa. Nilimwambia nina nyusi na nazihitaji.

Kisha akaja yule bwana wa nyumba ya wageni. Alitaka bango kubwa la mlangoni, herufi za dhahabu, neno "Karibuni", na chini yake maneno ya kuvutia. Shangazi akaandika alichosikia, akaniletea. Mimi nachonga nilichoandikiwa, ndiyo kazi yangu. Niliona neno ni zito kidogo, nikadhani ni watu wa mazishi, nikaweka na ua pembeni kwa heshima. Bwana alipokuja kulichukua tulimfunulia bango lake linang'aa: "Kaburini. Vyumba Tulivu, Hutasumbuliwa."

Alisimama mbele yake muda mrefu. Akauliza kwa upole kama tunamjua adui yake yeyote. Baba akaniangalia, nikamwangalia Shangazi, na Shangazi akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwamba ua limependeza.

Jioni hiyo Baba hakumgombeza. Alikaa naye kwenye benchi la wateja, akamshika bega ili ageuke amwone midomo, akamwambia, "Dada, twende kwa daktari wa masikio." Shangazi akasema sikio la kufa halisikii dawa. Baba akasema hilo lako bado halijafa, limejifungia tu. Nikaona macho ya Shangazi yanajaa, na nikaelewa kwamba muda wote ule hakuwa mkaidi tu. Alikuwa anaogopa kuambiwa kwamba basi, ndiyo mwisho, kiti hakirudi.

Nilikwenda nao. Daktari, mwanamke mdogo mwenye taa kichwani, alichungulia sikio la kulia, akachungulia la kushoto, akarudi la kulia. "Mama," alisema, "humu ndani kuna ujenzi unaendelea." Akamlaza kichwa, akampulizia maji ya uvuguvugu kwa bomba, akangoja, akapuliza tena. Kilichotoka sikutaka kukiangalia lakini nilikiangalia. Nta ngumu, nyeusi, imechanganyika na unga mweupe wa akriliki wa miaka yote ile ya msasa, na katikati yake kipande cha pamba. Watu husema fulani katia pamba masikioni. Shangazi wangu alikuwa nayo kweli, tena hakumbuki aliitia lini.

Shangazi akaketi. Akasikiliza. "Hiyo feni yenu ina kelele," akamwambia daktari, na kisha akamgeukia Baba. "Na wewe pua yako inapiga mluzi. Imeanza lini?"

Daktari alieleza kwamba sikio la kushoto halitarudi kama zamani, limeshaharibiwa na msumeno, na kwamba kuanzia sasa msumeno ukilia avae vile vifuniko vya masikio. La kulia liko vizuri. Asijitie pamba, wala njiti, wala kitu kingine chochote. Njiani kurudi alikuwa mtu wa kuchosha sana. Kila kitu alikisikia na kila kitu kilimuudhi: viatu vyangu, ndege, watoto wa shule, jinsi jirani yake anavyofunga mlango. Aligundua kwamba mwenye duka la pembeni amekuwa akimwita Kiberiti mchana kweupe anapopita, akarudi nyuma kumshukuru kwa njia yake.

Baba hakumrudishia waya hivihivi. Aliigeuza ukutani ile akriliki nyeusi, kumbe naye alishaijua, akasimama nyuma ya Shangazi mbali kabisa, akanong'ona, "Dada, samahani." Shangazi akajibu bila kugeuka, "Samahani ya nini, wewe nikupe orodha uchague?" Baba akauweka waya mezani. Aliongeza na taa nyekundu juu ya mlango, inayowaka mashine ikiwa na umeme, ili hata kiziwi na mwenyekiti waone. Shangazi alisema ni taa ya danguro. Lakini hakuing'oa.

Asubuhi aliyorudi kitini nyusi zilichorwa kwa utulivu, sawasawa, kama zimepimwa kwa rula. Alivaa glavu, akaangalia maji, akayaongeza mpaka kwenye alama, akaangalia mpira wote kama umepasuka popote, akafungua dirisha. Akawasha. Halafu akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa sikio zuri, akausikiliza ule mlio. Nilikuwa mlangoni. Machozi yalimtoka, wanja wa upande mmoja ukatiririka, na sikuthubutu kumwambia. Alifanya kazi siku nzima hajainuka, lile rundo la vipande vyenye ukungu likapungua, na mimi nilimsikia akiimba, vibaya sana, maana sasa alijisikia mwenyewe na bado haikumzuia.

Jioni nikazima leza yangu. Nikatwaa mkoba, nikapita kwake kama kawaida, nikachungulia.

"Umezima?"

Akainua kichwa. Ule uso mwororo ulikuwa umeshaanza kuja, kisha ukasita njiani.

"Umesemaje?"

"Nauliza, umezima?"

Akanitazama. Akaitazama mashine, ambayo alishaizima na kuichomoa. "Nimezima," akasema.

Nikageuka niende kwenye swichi. Nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo ambayo si yake: "Kumbe ndivyo unavyouliza."

"Ndivyo ninavyouliza siku zote, Shangazi."

"Siku zote?"

Nikarudi mlangoni. Alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja, haniangalii.

"Ile siku ya mwenye tai nilijua nimesikia vibaya," alisema. "Nikasema, siku moja, imepita. Nikadhani zile siku nyingine ulikuwa unaniuliza mimi." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kila jioni nilikuwa nakujibu. Nikamwambia na baba yako, huyu mtoto wako mdomo wake mchafu, lakini kila siku hakosi kuniuliza kama ni mzima. Mtu wa kwanza tangu mama yetu afe."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Tunamwamkia shikamoo asubuhi, anatuitikia, na tukishapita hapo tunakimbia kabla hajatutukana. Kila mtu hujua habari zake, ameachwa na nani, amemtukana nani, nyusi za leo zikoje. Nilijaribu kukumbuka lini mimi, au Baba, au mtu yeyote mwenye damu moja naye, alisimama mbele yake akamuuliza hali yake na kungoja jibu. Sikukumbuka.

Nikaweka mkoba chini.

"Shangazi," nikasema, "hali yako?"

"Usiniulize kwa huruma. Nitakurushia kitu."

"Siulizi kwa huruma. Nauliza tu, nijue."

Akaziweka glavu mezani, akazinyoosha, akafuta wanja uliomchafua shavuni kwa mgongo wa mkono. Nje Baba alikuwa anavuta lango, anatuita tutoke. Shangazi alimsikia, nilimwona amemsikia, na hakumjibu.

"Umechelewa," akaniambia. "Lakini kaa."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Akaanza na magoti.